Urambo: Simu ipo, intaneti hulipiwa steshenari

Ukiuliza katika familia ya mkulima wa tumbaku wilayani Urambo kama ina simu, mara nyingi utajibiwa ndiyo. Tatizo ni aina ya simu. Kitochi kinatuma pesa na kupokea ujumbe, lakini hakifungui maombi ya mkopo wa elimu ya juu wala ya ajira serikalini, ambayo siku hizi hufanywa kwa intaneti.

Hivyo kijana wa Uyumbu au Usoke aliyemaliza kidato cha sita hupanda bodaboda hadi Urambo mjini, akapanga foleni steshenari na kulipia kujaziwa fomu na kuskani vyeti. Fomu ikirudishwa kwa kosa dogo, nauli inaanza upya. Mwenzake wa Dar es Salaam mwenye simu janja husahihisha akiwa nyumbani kwao. Wakati mwingine hata nenosiri hubaki kwenye daftari la mwenye duka, na hapo si siri tena.

Wapo wanaodai kuwa vijana wa vijijini hawapendi teknolojia. Dai hilo halina uzito. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 haikudai simu ya bei mbaya. Ilitosha kubonyeza nyota, tarakimu chache na alama ya reli, na wakulima wakaizoea bila semina.

Kinachokwamisha ni fedha, na hasa majira yake. Tumbaku hulipwa kwa msimu, bando huisha kwa siku au wiki. Familia inayosubiri malipo huku ikidaiwa pembejeo haiwezi kutanguliza simu janja, na ikinunuliwa moja, binti huwa wa mwisho kuishika.

Hasara haiishii kwenye fomu. Dalali anayepata bei ya mahindi au karanga za Tabora na Mwanza kupitia WhatsApp hufika kijijini akiijua, wakati muuzaji huisikia kwanza kutoka kwa dalali huyo huyo.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, husaidia kupeleka minara vijijini. Lakini mnara haununui simu. Chama cha msingi chenye ofisi na umeme kinaweza kuweka kompyuta moja na karani wa kuwasaidia vijana, gharama ikakatwa kwenye malipo ya mzazi wakati wa soko, kama inavyokatwa ya mbolea.