Uso Uliofichwa na Dhamana ya Ulimi: Funzo la Mapiko

Aghalabu hudaiwa kwamba kinachowafanya watu watukanane mtandaoni ni kuficha majina, na kwamba majina yakifichuliwa adabu itarejea. Dai hili lina ukweli, lakini halijakamilika. Mwanasaikolojia John Suler, katika makala yake ya 2004, alieleza kwamba kutojulikana ni sababu moja tu miongoni mwa kadhaa. Nyingine ni kutoonana ana kwa ana na kutolazimika kupokea jibu papo hapo.

Wamakonde wa Mtwara, Newala na ng'ambo ya Ruvuma wanalo la kuchangia katika mjadala huu. Katika ngoma ya mapiko, mchezaji huvaa kinyago cha mti kichwani na kuufunika mwili kwa nguo. Kwa desturi, wanawake na watoto wasiopita jandoni hawakupaswa kumjua. Lipiko hutisha, huiga na hukejeli. Enzi za ukoloni hata wageni wenye mamlaka walichongwa na kuchezwa. Hata hivyo, uhuru huo una mipaka. Mchezaji hutokea hadharani, mbele ya hao anaowakejeli, ngoma humwongoza, na wanaume waliopita jandoni wanamfahamu. Uso umefichwa, lakini dhamana haikufichwa.

Mtandaoni hali ni kinyume. Anayetukana kwa jina la kubuni hayaoni machozi ya anayetukanwa, wala hana kundi linalowajibika kwa ajili yake. Kinachokosekana, basi, si jina tu, bali uwanja.

Tofauti hii ina uzito wa kisera. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inakataza unyanyasaji wa mtandaoni. Na Januari 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Hata hivyo, wapo wanaotukana kwa majina yao halisi. Kwa upande mwingine, Mei 2013, ghasia kuhusu bomba la gesi zilipozuka Mtwara na wanajeshi wakapelekwa huko, raia aliyetaka kueleza aliyoyashuhudia alikuwa na sababu njema ya kulificha jina lake. Kumvua kila mtu kinyago ni kumnyima huyo kinga, pasipo kumtia adabu mwenye matusi. Linalohitajika ni watumiaji wenyewe kuujenga upya uwanja: wawepo wa kumwongoza mwenye kinyago, na wa kumzuia avukapo mpaka.