Usiseme ni kelele kabla usikize yote

Najua utakachosema ukiweka Urban Bushmen: hizi ni kelele. Hata mimi mara ya kwanza niliizima. Lakini tulia kidogo, msee. Art Ensemble of Chicago waliirekodi mbele ya watu mjini Munich, Mei 1980. Ni wanaume watano tu, ila utadhani ni soko zima: tarumbeta ya Lester Bowie, saksafoni za Roscoe Mitchell na Joseph Jarman, besi ya Malachi Favors, ngoma za Don Moye, halafu kengele, filimbi, honi. (Bowie alikuwa akipanda jukwaani na koti jeupe la daktari. Usiniulize.)

Walitoka AACM, chama kilichoanzishwa Chicago 1965, na sharti lake lilikuwa kupiga muziki uliotunga wewe. Hapo ndipo nakutaka, wewe mwenye bendi. Kila wikendi unapiga nyimbo za wenyewe, zile zile, eti meneja amesema wateja hawataki usumbufu. Ingiza hata wako mmoja. Wakinuna, wanune. Bowie na wenzake walibeba vyombo hadi Paris 1969 kutafuta wa kuwasikiza. Wewe unaogopa meza sita za klabu ya mtaani kwenu?