Kodingi shuleni: Je, kobe wa kwenye skrini anaweza kumfundisha mtoto hisabati?

Mwambie mtoto wa gredi ya tano achore pembetatu yenye pande zilizo sawa kwenye kompyuta. Haruhusiwi kutumia rula wala kidole. Anatakiwa kumwandikia maagizo kobe mdogo aliye kwenye skrini: nenda mbele hatua 100, geuka kulia, rudia mara tatu. Ageuke nyuzi ngapi? Watoto wengi huandika 60, kwa kuwa wamekariri kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ni nyuzi 60. Kobe anatembea, anageuka, anatembea tena, na mwishowe mchoro unabaki wazi, kama nusu ya umbo la pande sita.

Hapo ndipo somo linapoanza. Kobe hageuki kwa kipimo cha pembe ya ndani ya umbo bali kwa ile ya nje, yaani nyuzi 120. Alipochora mraba mtoto hakuliona kosa lake, kwa sababu ya ndani na ya nje zote ni 90. Sasa analiona kwa macho yake kabla mwalimu hajamwekea alama ya mkasi. Akijaribu umbo la pande tano na la pande nane, atatambua kwamba kobe akilizunguka umbo mpaka arejee alikoanzia, huwa amegeuka nyuzi 360 kwa jumla. Hakuna aliyemwambia.

Kobe huyo si mgeni. Lugha ya programu iitwayo Logo iliundwa Marekani mwaka 1967 na Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig, kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya hisabati hasa. Scratch, ambayo mtoto huunganisha vipande vya maagizo kama matofali, ilitoka katika chuo cha MIT mwaka 2007 na ni mjukuu wa wazo lilelile.

Nchini Kenya suala hili limekuwa la sera tangu mwaka 2022, pale Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipoidhinisha mtaala wa kodingi kwa shule za msingi na sekondari uliotayarishwa na kampuni ya Kodris Africa. Serikali ilijivunia kuwa ya kwanza barani kufanya hivyo. Katika mtaala wa umilisi, CBC, ujuzi wa kidijitali ni mmojawapo wa umilisi wa kimsingi saba, na haukukusudiwa kuwa somo la pekee katika madarasa ya chini. Unatakiwa kupenyezwa ndani ya masomo mengine. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati, wa sayansi na wa Kiswahili ndio wanaobebeshwa mzigo huu, pamoja na mingine waliyo nayo.

Je, mzigo huo unalipa? Jibu la wazi zaidi limetoka Uingereza, ambako watoto wa England husoma kompyuta tangu miaka mitano kwa mujibu wa mtaala ulioanza Septemba 2014. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL walitayarisha masomo ya miaka miwili yaitwayo ScratchMaths, yenye lengo la kufundisha hisabati kwa kutumia Scratch, nayo yakajaribiwa kwa kulinganisha shule zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Tathmini iliyotolewa mwaka 2018 ilionyesha kwamba watoto walipata maendeleo katika kufikiri kwa hatua na kwa mpangilio, na wale wa familia maskini walinufaika zaidi. Lakini katika mtihani wa taifa wa hisabati, hawakuwazidi wenzao ambao hawakuwahi kuyasoma masomo hayo.

Matokeo haya hayamaanishi kwamba kobe wetu ni muongo. Katika mwaka wa pili, ambao ndio wa mtihani, shule nyingi hazikuutekeleza mpango huo kikamilifu. Na tangu miaka ya 1980, watafiti waliowachunguza watoto wa Logo walishaona kwamba anayejifunza kuandika programu hujifunza kuandika programu. Kuuhamishia ujuzi huo kwenye jambo jingine hakuji kwenyewe. Lazima mwalimu asimame na kuuliza: nyuzi 120 hizi zimetoka wapi? Asipouliza, mtoto atabahatisha namba hadi pembetatu ifungike, ashangilie, aendelee na mengine.

Kwa hiyo suala ni mwalimu zaidi ya kifaa, na hapa Kenya ina kumbukumbu chungu. Mpango wa vishikwambi ulioanza mwaka 2016 ulisambaza zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi za umma, na vingi vikaishia kabatini. Watoto waliokuwa darasa la kwanza mwaka huo ndio waliofanya KCPE ya mwisho, mwaka 2023. Wakati huohuo tathmini za Uwezo zimeonyesha mara kwa mara kwamba wako wanafunzi wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Mzazi wa mtoto kama huyo ana haki ya kuuliza kwa nini saa moja ya wiki, na fedha, ziende kwa kobe.

Jibu ninaloliona la haki ni kwamba si lazima fedha ziende huko. Mpango uitwao CS Unplugged, uliotoka Chuo Kikuu cha Canterbury nchini New Zealand, hufundisha mambo ya kompyuta bila kompyuta. Mfano mmoja unahitaji chaki na uwanja tu. Mwalimu huchora njia zinazokutana na kuachana, na watoto sita husimama mwanzoni, kila mmoja na namba yake. Wawili wakikutana hulinganisha: mwenye ndogo anapita kushoto, mwenye kubwa kulia. Wakifika mwisho wamejipanga kutoka ndogo hadi kubwa. Badilisha namba hizo ziwe sehemu, robo tatu ikutane na sehemu tano za nane, na watoto watabishana hasa kuhusu jambo linalowashinda wengi wao kwenye daftari.

Lugha nayo ina nafasi yake. Scratch inapatikana kwa Kiswahili, jambo ambalo lina maana kubwa zaidi Tanzania, ambako shule za msingi za umma hufundisha kwa lugha hiyo. Mtoto anayeandika maagizo ya sungura kumkwepa fisi kwenye skrini analazimika kutumia "ikiwa", "mpaka" na "rudia" kwa maana halisi. Hilo ni zoezi la lugha pia, ingawa sijaona likihesabiwa hivyo mara nyingi.

Nchini Kenya mtaala uliopunguzwa mwaka 2024 umeliingiza somo la kompyuta katika Sekondari Msingi ndani ya mafunzo ya awali ya kiufundi. Kwa madarasa yaliyo chini yake, bado ni mwalimu wa hisabati atakayeamua kama kobe ataingia kwenye kipindi cha pembe au la, na mwisho wa gredi ya sita wanafunzi wake watapimwa kwa KPSEA.