Tukiuza uwanja, maji yatapita wapi?



Kila siku ya kazi moja asubuhi munaona wanafunzi wenye kuchelewa wanasimama inje ya mlango. Wanaandikwa majina, wanapewa azabu ya kufagia. Hatusemi azabu ni mbaya. Lakini muulize mmoja wao: “Ulikuwa wapi?” Atajibu: “Nilikuwa ku robine. Nilipanga bidoni tangu saa kumi ya usiku, mayi ikakuja saa kumi na mbili.” Mtoto huyu si mvivu. Amekwisha kufanya kazi wakati wengine wetu tulikuwa tunalala.

Sababu ni nini? Wengi wanajibu mbio: “Batu bamekuwa bengi.” Ni kweli. Hesabu ya mwisho ya raia wote wa inchi yetu ilifanywa mwaka 1984, na wakati ule mji wa Bukavu haukufikisha watu 200.000. Leo wanakadiria kwamba tumepita 1.000.000. Wengi hawakuja kwa kupenda mji. Tangu vita ya 1996, watu wa Walungu, Kabare, Kalehe, Shabunda na Mwenga walikimbia, wakaacha mashamba, wakaingia kwa ndugu zao. Mtu anayekimbia hana nafasi ya kupima parseli.

Katika miaka ya 1950, Wabelgiji walipojenga Bagira, nyumba zilipangwa kwa mistari, pamoja na barabara na masomo. Hatusifu wakati ule, maana weusi walikaa huku na weupe kule. Lakini leo tunafanya kinyume: nyumba kwanza, njia kisha, na mara nyingi njia haiji. Hata umeme ni vile vile. Ruzizi I ilianza mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II ilianza 1989, na hiyo tunagawana na Rwanda na Burundi.

Tena kupanga nyumba ni bei. Sheria ya tarehe 31 desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3. Sisi tunajua wazazi walioombwa miezi 6, kwa dola, kwa vyumba viwili vya mbao. Asiye na feza hiyo anapanda mlimani ao anashuka bondeni. Ndiyo sababu mvua ikizidi, udongo wa Funu unateremuka pamoja na nyumba. Ndiyo sababu moto ukiwaka Kadutu, gari la kuzima moto halipati pa kupitia.

Lakini tunasema hivi: wingi wa watu peke yake hauharibu mji. Kinachouharibu ni desturi ya kuuza pahali pa wote. Sheria ya udongo ya tarehe 20 julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na sehemu iliyowekwa kwa kazi ya wote haiuzwi mpaka iondolewe kwanza katika kazi hiyo kwa kufuata sheria. Hata hivyo tunaona parseli juu ya kanivo, parseli juu ya bomba la maji, parseli ndani ya uwanja wa mpira. Kila moja ni kipande kidogo tu. Ukiviunganisha, ni mji mzima usio na njia.

Sasa tugeuke kwetu. Katika mkutano wa wazazi, wengine walitoa shauri kwamba sehemu ya chini ya uwanja wetu iuzwe, ili feza ijenge vyumba viwili vya masomo. Tunafahamu nia yao. Tunakaa wanne kwa banki moja. Vyumba vinahitajiwa kweli. Lakini sehemu ile ndiyo inayopokea maji yote ya mvua kutoka kwa paa zetu na barabara ya juu. Mtu akijenga pale, maji yataingia kwa jirani walio chini. Sisi tutapata vyumba viwili, na wao watapoteza nyumba. Na kisha miaka michache, tukijaa tena, tutauza nini?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, uwanja usiuzwe. Afazali madarasa mengine yasome asubuhi na mengine kisha saa sita, mpaka feza ipatikane pole pole. Pili, kila siku ya posho tufanye salongo katika kanivo iliyo mbele ya masomo, maana ni sisi wenyewe tunaoijaza mifuko. Tatu, Bwana Prefe akubali kwamba mwenye kuchelewa aulizwe kwanza kama anatoka ku robine, ndipo aandikwe.

Wazee walisema: bandu bandu huisha gogo. Gogo letu ni uwanja huu. Tusianze kulichonga.

Sisi wanafunzi wa mwaka wa tano