Njia ya jirani si lazima ikufae

Juma hili tuzungumze juu ya kupanga uzazi. Hapa Bukavu, iwe Kadutu ao Bagira, mama ananunua vidonge kwenye famasi kwa sababu jirani vimemfaa. Hatari inaanzia hapo.

Vidonge vya homoni mbili havimfai mama mwenye tansiyo ya juu, aliyewahi kugandwa na damu mguuni, ao anayevuta tumbaku na amefikisha miaka 35. Vinaweza kuziba mshipa wa damu. Anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 naye aviache. Vidonge vya homoni moja ao kijiti cha mkononi vinamfaa zaidi.

Sindano inakinga miezi 3. Hedhi inaweza kuvurugika, na ukiiacha, mimba inaweza kukawia miezi mingi. Unayetaka mtoto karibuni, chagua njia ingine.

DIU ya shaba haina homoni, kwa hiyo mwenye tansiyo anaweza kuivaa. Lakini inaweza kuongeza damu ya hedhi. Mwenye upungufu wa damu aseme kwanza.

Unayekunywa dawa za kifua kikuu, sema pia: rifampisini inapunguza nguvu ya vidonge na kijiti.

Muganga asipokuuliza, mwambie wewe mwenyewe, na uombe upimwe tansiyo. Ukitumia vidonge na mguu mmoja ukavimba na kuuma, ao kifua kikubane ghafula, kimbia kituo cha afya siku ile ile.