Shakwe wa kahawia si lazima awe aina nyingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu kuhesabu ndege wa pwani. Baadhi ya wanaohesabu humwona shakwe mwenye madoa ya kahawia wakamwandika kuwa aina nyingine. Aweza kuwa kijana wa shakwe yule yule mwenye mgongo mweusi na kichwa cheupe, azaliwaye Ulaya ya kaskazini na kufika kwetu wakati wa kaskazi. Huchukua miaka 4 hivi kufanana na wazazi wake. Kila anaponyonyoka, manyoya meusi huota mgongoni kando ya ya zamani yaliyopaushwa na jua.

Nashauri umri nao uandikwe. Bila kujua idadi ya vijana, tutajuaje kama ndege hawa wanaongezeka au wanapungua?

Mpenda Ndege,
Tanga.