Mita 60 za mafunjo ya Mto Kagera ziachwe

Mto Kagera unaopita Murongo, Tanzania, ukiitenganisha na Kikagati ya Uganda, umetoka mbali. Maji ya Ruvubu na Nyabarongo hukutana karibu na Rusumo, yakapanda kaskazini katikati ya vinamasi vya mafunjo, kisha yakageukia mashariki kwenda Ziwa Victoria. Hakuna mto unaoliingizia ziwa hilo maji mengi kuliko huu.

Mafunjo hayo huhesabiwa mara nyingi kuwa ardhi iliyolala, inayongoja jembe. Hesabu hiyo ina makosa. Mmea huu unaoweza kupita mita 4 kwa urefu husukana mizizi, maji yakipita humo yanapungua kasi, tope linatua, na mbolea iliyosombwa kutoka mashambani inafyonzwa. Mabua yakifa yanaoza taratibu na kupunguza oksijeni majini. Kambare na kamongo, wanaoweza kuvuta hewa ya juu, hustahimili hali hiyo, sangara hawezi. Ndiyo maana sangara alipowamaliza furu wengi wa Ziwa Victoria, baadhi yao walisalimika kwenye vinamasi vya pembeni. Juu ya maji nako kuna wenyeji wake: nzohe, mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea kwenye tope, na ndege wa kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye maisha yake yote ni mafunjo.

Jumuiya ya viumbe hujengeka hivyo. Mmoja huandaa mahali, mwingine akahamia, wa tatu akaishi kwa kumla wa pili, na wote pamoja na maji, udongo na jua wakawa mfumo ikolojia mmoja.

Mto huuhuu umeshaonyesha kinachotokea uhusiano huo ukikosekana. Magugu maji, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, yaliteremka na Kagera kutoka Rwanda na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa yameonekana Ziwa Victoria. Huku hakukuwa na mdudu wa kuyala. Yalifunga bandari na kuwazuia wavuvi, hadi wadudu wa jamii ya fukusi walipoletwa katika miaka ya 1990 kuyatafuna. Adui wa mmea naye ni sehemu ya jumuiya.

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kufundishwa hili kutoka mwanzo. Kibanja chao ni jumuiya iliyopangwa kwa mikono: migomba inaipa kahawa kivuli, maharage yanaingiza naitrojeni ardhini, samadi ya ng'ombe na nyasi za rweya, yaani mbuga za wazi, zinarudisha rutuba. Mnyauko wa bakteria ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, haikuumia migomba peke yake. Kivuli cha kahawa na matandazo yake viliyumba pia.

Lakini kibanja hakiishii kwenye uzio. Udongo unaoporomoka mlimani hufika mtoni, na hapo Murongo upo mradi wa umeme wa megawati 14 unaochangiwa na Tanzania na Uganda. Tope ni adui wa mitambo ya maji popote ilipo. Kinga ya kwanza ni mafunjo hayohayo yanayofyekwa ili kupata mashamba.

Ni kweli kwamba mwaka 2019 Ibanda-Kyerwa ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, hatua nzuri sana. Hata hivyo hifadhi haiwezi kuulinda mto unaopita mashambani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Halmashauri za Kyerwa na Karagwe ziweke alama za mpaka huo, zikikaa na serikali za vijiji na wakulima wa kandokando ya maji, na atakayepoteza kipande cha shamba la bondeni asaidiwe kupata mbegu na samadi za kukiboresha kibanja chake cha juu.